MWANASAIKOLOJIA SI DAKTARI WA WENDAWAZIMU

Ukitaka kuanzisha ugomvi katika ploti yetu ya Gatina, Kawangware, mwambie mtu mzima kwamba anahitaji kumwona mwanasaikolojia. Atakujibu, "Kwani umeniona nikiokota makopo?" Na kama ni mtu wa maneno makali atakuuliza ni nani amekutuma umpeleke Mathari. Hapa Nairobi jina la hospitali hiyo limegeuzwa kuwa tusi. Watoto wanatukanana nalo kwenye foleni ya maji. Hata sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tunaojigamba kuwa na adabu ya lugha, tunalitumia, na msinikane.

Nimeshika kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mgeni tuliyemwalika chamani muhula wa pili alikuwa mwanasaikolojia wa kitabibu anayehudumu Kibera, nami nilijaza kurasa kumi na moja za daftari kwa maelezo yake. Ya pili ni mjomba wangu. Mjomba ameyasoma haya yote kabla sijayapeleka kwa mhariri, akafuta mistari miwili, akasema mengine yabaki.

Mjomba ni ndugu yake mama, tena ni fundi wa mawe. Mwaka juzi alimwona mwenzake akianguka kutoka jukwaani, orofa ya nne, katika mjengo mmoja ambao sitautaja. Asubuhi hiyo walikuwa wamebadilishana nafasi, kwa sababu mjomba aliumwa na goti. Maiti ilifunikwa kwa mifuko ya simiti. Kesho yake kazi iliendelea kama kawaida, na mjomba akaenda, akapanda, akamaliza siku. Ilikuwa baada ya wiki tatu ndipo alipokataa kwenda. Alikuja kukaa kwetu "kwa siku mbili", nasi tunaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Usiku alikuwa akishtuka na kuketi. Jirani akiangusha karai nje, mjomba alikuwa tayari amesimama mlangoni huku anatweta. Chakula alikuwa anakigusa tu. Mama alimwombea, akamnunulia vidonge vya usingizi kwa kemisti, akamletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mama mmoja wa soko la Kawangware. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi hata kovu hatukuliona, tulidhani ni uvivu. Nasema "sisi" lakini ni mimi hasa niliyedhani hivyo.

Sasa tuje kwa maneno, maana hii ni jarida la Kiswahili. Watu husema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Uongo mtupu! Fungua kamusi. Utapata huzuni, simanzi, majonzi, kihoro, fadhaa, wahaka, jakamoyo, kiwewe, sonona. Kihoro si sawa na huzuni. Kihoro ni ile inayomshika mtu kwa kuondokewa na kitu au mtu. Jakamoyo ni mahangaiko ya kungojea jambo baya. Kiwewe ni kile kinachomfanya mtu apoteze mwelekeo kwa hofu. Halafu mitaani tunasema tu "ana mawazo." Ukifikiria vizuri neno hili ni la ajabu, kwa sababu kila mtu ana mawazo, lakini ukisema "yule jamaa ana mawazo" hakuna atakayekuelewa vibaya. Mgeni wetu alituambia kwamba wagonjwa wake wengi wa Kibera hawasemi "nina sonona" wala "nina msongo." Wanasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi umepotea. Wengine huwa wameshapimwa malaria mara tatu na haipatikani.

Kule Zimbabwe, kwa Kishona, wanaita kitu kama hiki kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nitarudi huko.

Watu wengi huchanganya aina tatu za wataalamu, nami nilikuwa mmoja wao. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akajikita katika akili, na ndiye anayeandika dawa. Mshauri nasaha ni yule aliyefunzwa kushauri watu juu ya ndoa, ulevi, misiba, shule na kadhalika. Hata hapa shuleni tunaye mwalimu wa nasaha, ingawa ofisi yake ndiyo stoo ya chaki. Mwanasaikolojia wa kitabibu yuko katikati, lakini si nusu kwa nusu. Amesoma saikolojia digrii ya kwanza, kisha shahada ya uzamili, na katika masomo hayo lazima akae na wagonjwa halisi huku akisimamiwa na waliomtangulia. Anajua kupima ugonjwa wa akili na kuutibu, ila silaha yake ni mazungumzo na mazoezi, dawa hatoi. Akiona mtu anahitaji dawa anamwelekeza kwa daktari. Nchini Kenya kazi hizi za ushauri na saikolojia zina sheria yake iliyopitishwa mwaka wa 2014, inayotaka wanaozifanya wasajiliwe. Kwa hivyo mtu akikufungulia meza chini ya mwavuli pale stage akisema ni saikolojisti, una haki ya kumwuliza cheti.

Jina lenyewe la kazi hii si la kale. Mmarekani aitwaye Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia mwaka wa 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, na wa kwanza kutibiwa walikuwa watoto walioshindwa na masomo. Sisi huku tulianza na kuta. Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910, wakati wa ukoloni, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Sioni ajabu kwamba jina lake linatisha. Pahali palianza kwa kutenga watu, na mitaani bado tunapazungumzia kana kwamba kazi yake ni hiyo tu, ilhali leo ni hospitali kubwa ya rufaa na ya kufundishia, na watu hutibiwa wakarudi nyumbani.

Mgeni wetu aliomba jina lake tusilichapishe, kwa hivyo nitamwita mgeni. Alizaliwa Makina, Kibera, babake akiwa fundi cherehani. Baada ya digrii ya kwanza alifundisha historia miaka miwili, halafu ikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mtakumbuka, au wazazi wenu watakumbuka, jinsi soko la Toi lilivyoharibiwa na watu wakalala nje. Alikuwa akisaidia kugawa unga. Kulikuwa na mama mmoja aliyechukua unga wake kila siku, akauweka kando, akakaa hapo hapo akiangalia chini hadi jioni. Watoto wake ndio waliokuja kumshika mkono arudi. Mgeni alisema siku hizo ndizo zilizomrudisha chuoni, Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea saikolojia ya kitabibu, na karo alilipa kwa kuuza mitumba wikendi. Tulicheka aliposema kwamba mitumba ndiyo iliyomfunza kusikiliza, kwa sababu mnunuzi husema anataka koti kumbe anataka mtu wa kumwambia kwamba hajanenepa.

Je, mtu mzima akienda kwake hufanywa nini? Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza halazwi kwenye kochi kama tunavyoona kwenye filamu. Chumba cha mgeni wetu kina viti viwili vya plastiki na dirisha lililofunikwa kwa gazeti ili wapita njia wasichungulie. Mtu mzima haletwi kwa nguvu kama mtoto anayevutwa kwenda kuchanjwa. Anaelezwa kazi itakavyokuwa, anakubali au anakataa, na akisema leo sitaki kuongea juu ya jambo fulani, jambo hilo linaachwa. Anaambiwa kwamba yatakayosemwa hayatoki nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mimi nilijaribu kumdodosa mgeni kuhusu wagonjwa wake, nikidhani ni ujanja, akatabasamu tu na kuniuliza kama bado kuna chai.

Mara ya kwanza huuliza mengi: usingizi, chakula, kazi, pombe, ndoa, misiba ya zamani. Mara nyingi hutumia karatasi ya maswali tisa ambayo inatumika ulimwenguni kote, nayo iko kwa Kiswahili pia. Huuliza juu ya wiki mbili zilizopita: je, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, umekuwa na moyo mzito, usingizi umepotea au umezidi, umechoka, chakula kimekushinda, unajilaumu, huwezi kutulia kwenye jambo moja, umekuwa mzito au mtu wa kuhangaika, na umewahi kufikiri kwamba heri kufa. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi 3, yaani kutoka hapana kabisa hadi karibu kila siku. Jumla ni 27. Akipata 10 na kuendelea, anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Nilienda na nakala ya karatasi hiyo nyumbani kwa sababu mlezi wetu wa chama alitaka tuhakiki Kiswahili chake. Jioni hiyo niliisoma kwa sauti, swali baada ya swali, nikipigia mstari maneno. Mjomba alikuwa upande wa pili wa pazia akimenya viazi. Nilipofika swali la tatu, lile la usingizi, nikasikia, "Tatu." Nilidhani anahesabu viazi. Nikasoma la nne. "Tatu." La tano, "Mbili, andika mbili." Basi nikaelewa. Nikaendelea kusoma kama mtu asiyeelewa, mikono ikitetemeka, mpaka swali la tisa. Pale alinyamaza muda mrefu hata nikasikia maji ya sufuria yakianza kuchemka. Kisha akasema, "Andika moja, mama. Lakini usimwambie mamako."

Nilimwambia mama usiku huo huo. Mgeni baadaye alinigombeza kidogo kwa ile karatasi, akisema si kazi ya mtoto kumpima mtu mzima, lakini kwa kumwambia mama hakunigombeza. Alisema siri ya aina hiyo haifichwi, na kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia uzito. Kuna na jambo la sheria. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha sheria za jinai za Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kutoka hospitalini akaingia korokoroni. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mjomba hakuwa amesikia habari hiyo. Alikuwa anaogopa kwamba akisema ukweli hospitalini wataita polisi. Ninaamini wako wengi Kawangware wanaoogopa hivyo hivyo hadi leo. Wasiotaka kuonana na mtu ana kwa ana wanaweza kupiga simu bure kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199.

Mjomba alikubali kwenda, ila kwa sharti kwamba asiende Kawangware ambako kila mtu anamjua. Ataenda Kibera. Kwa hivyo Jumatatu alfajiri akatembea, akapita Dagoretti Corner, akashika Ngong Road, akateremka hadi Kibera kwenye kituo cha afya anakohudumu mgeni wetu. Akaketi kwenye benchi. Aliyeketi kando yake alikuwa nani? Lendilodi wetu! Mjomba akasema amekuja kwa sababu ya jino. Lendilodi akasema hata yeye ni jino. Wakakaa hapo nusu saa wakizungumza habari za meno, kisha nesi akatoka akawaita wote wawili mmoja baada ya mwingine kwenye mlango ule ule. Tangu siku hiyo lendilodi hatupigii kelele ya kodi kabla ya tarehe kumi.

Mbinu aliyotumia mgeni kwa mjomba ni ya kizazi cha mwanasayansi mwingine wa Philadelphia, Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka wa 1921 na kufariki mwaka wa 2021 akiwa na miaka 100. Katika miaka ya 1960 Beck aligundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo yanayopita haraka kichwani bila wao kuyaita, kwa mfano "mimi si kitu" au "kila kitu ni kosa langu," nao wakayaamini bila kuyahoji. Akaanza kuwafunza kuyakamata na kuyahoji kama wakili anavyohoji shahidi. Wazo huzaa hisia, hisia huzaa kitendo, na kitendo hurudi kulisha wazo. Mtu akiwaza kwamba hafai, anahuzunika; akihuzunika anajifungia nyumbani; akijifungia, hakuna mtu anayemwita kazini, naye anasema, si unaona, sifai.

Kwa mjomba wazo lilikuwa "ningekuwa mimi, na ingefaa niwe mimi." Hilo aliniambia mwenyewe, na ni moja ya mistari ambayo hakuifuta. Mgeni hakumwambia "usiwaze hivyo," kama sisi sote tulivyokuwa tukimwambia kutwa kucha. Alimwuliza asubuhi ile alijua nini. Je, alijua mbao imeoza? Hapana. Je, mwenzake alikubali kubadilishana? Ndiyo, tena kwa kicheko, kwa vile huko juu kuna upepo. Mbao iliwekwa na nani? Hapo mjomba alianza kukasirika badala ya kujilaumu. Mgeni akamwambia hasira hiyo ina anwani yake, na njia ya kuifikisha ipo.

Halafu kuna kukwepa. Mtu aliyepata kiwewe hukwepa chochote kinachomkumbusha, na kila akikwepa hupata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoufunza mwili kwamba kile kitu kweli kinaua. Kwa hivyo hofu hunenepa kwa kukwepwa. Tiba ni kurudi polepole, kwa ngazi. Wiki ya kwanza mjomba alipewa kazi ya kusimama ng'ambo ya barabara kutoka kwenye mjengo wowote kwa dakika kumi huku akipumua taratibu kutoka tumboni. Ile ya pili asogee hadi geti. Baadaye ashike karai. Mimi nilidhani ni mchezo. Siku ya kwanza alirudi shati limelowa jasho kama aliyenyeshewa.

Sasa nirudi kwenye swali ambalo lilifanya darasa zima linyamaze. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alisimama akamwuliza mgeni: mtu wa Kibera hana kodi, hana maji, mtoto amefukuzwa shule, mazungumzo yatamjaza tumbo? Mgeni hakukimbia swali hilo. Alisema ndiyo maana kuna mbinu iliyojaribiwa papa hapa kwetu, upande wa Dagoretti ambako ndiko Kawangware iliko, na pengine baadhi ya mama zetu wanaikumbuka.

Shirika la Afya Duniani liliitengeneza, na majaribio ya huku yalifanywa pamoja na shirika la World Vision, wakiongozwa na mwanasaikolojia wa Australia, Richard Bryant, wakiwemo Wakenya kadhaa. Mgonjwa huonana na mhudumu mara tano, mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara. Kitu cha kwanza ni kutuliza mwili kwa pumzi. Kisha kushughulikia matatizo: unayataja yote, unayagawa kati ya yanayoweza kutatuliwa, yasiyotatulika na yasiyo na uzito, halafu unachukua moja linalotatulika na kulikatakata vipande. Halafu kurudia shughuli ulizoziacha, hata kama ni kufua nguo mbili tu. Halafu kutafuta watu wa kukushika mkono. Kwa hivyo kodi haisahauliwi; kodi ndiyo inayowekwa mezani.

Waliotoa huduma hiyo hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mtaa, waliofunzwa na kusimamiwa. Walianza kwa kujaribu na wanawake 70. Kisha wakafanya utafiti mkubwa wa wanawake 421 katika vitongoji vya Nairobi, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Wanawake 209 walipewa zile wiki tano na 212 wakapelekwa kwa wauguzi wa vituo vya afya kwa huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, wale wa kundi la kwanza walikuwa wamepungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Sikusema dhiki iliisha. Ilipungua, na hilo si dogo kwa watu ambao hakuna kingine kilichobadilika katika maisha yao.

Kule Zimbabwe walifanya jambo la kufanana nalo. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 mtaani Mbare, Harare, kwa kuwafunza akina nyanya kuketi na wenye kufungisisa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wao wa watu 573 ulitoka mwaka wa 2016 na ukaonyesha nafuu. Na Kibera penyewe, Mkenya Tom Osborn na wenzake walijaribu masomo mafupi ya wiki nne kwa wanafunzi 51 wa shule ya upili waliokuwa na dalili za sonona au wahaka, yakiongozwa na vijana waliotoka shule juzi tu. Waliyaita Shamiri. Hayo ni ya vijana, lakini nimeyataja ili msiseme hakuna lililofanywa kwa ajili yetu.

Hapa nina malalamiko yangu. Ule utafiti wa Dagoretti ulikuwa wa wanawake pekee, na sababu yake naielewa. Lakini mjomba angeenda wapi? Wanaume wa mtaani kwetu hupelekwa kwa mwanasaikolojia na pombe, yaani baada ya chang'aa kuwamaliza. Tangu mwaka wa 2023 serikali imewapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Huja mpaka kwenye ploti yetu. Wanapima shinikizo la damu na sukari, na mama hufurahi sana kufungwa ile kamba ya mkono. Mbona wasifunzwe wote na zile wiki tano?

Mtu mwingine ambaye mgeni alimtaja kwa heshima ni Dkt. Gladys Mwiti, mwanasaikolojia wa kitabibu Mkenya, aliyeanzisha kituo cha Oasis Africa hapa Nairobi mwaka wa 1990, na aliyepata shahada ya uzamifu huko California, Marekani. Pamoja na mwenzake Al Dueck aliandika kitabu kuhusu ushauri wa Kikristo kwa njia ya Kiafrika ya kijumuiya. Kama nilivyomwelewa mgeni, hoja ni kwamba Mwafrika haugui peke yake. Ukimtibu ukidhani ni kisiwa, ukasahau mama, kaka, kanisa au msikiti, ukoo na majirani, utakuwa umetibu nusu ya mtu. Nilikubali, lakini nikamwuliza mgeni: si ni hao hao majirani waliomfanya mjomba akimbilie Kibera? Alicheka, akasema ndiyo, ndiyo maana humwuliza mgonjwa kwanza ni nani kati ya watu wake anayemtaka karibu. Mjomba alimtaja mama. Hakunitaja mimi, na nilinuna siku mbili.

Siku ya nne alienda na mama. Sijui walizungumza nini. Kila nikiuliza, mama husema, "Kula ulale, kesho una mtihani."

Kufikia wakati ninapoandika, mjomba ameenda mara tisa. Haji tena na hadithi ya jino. Anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye mjengo mdogo nyuma ya soko, orofa ya chini tu, naye ameshamwambia msimamizi kwamba juu hapandi kabla hajakagua mbao mwenyewe. Usiku bado anashtuka, labda mara moja kwa wiki, kisha namsikia akipumua polepole, akihesabu chini chini. Mwezi uliopita alienda Kakamega kumwona mama wa yule mwenzake. Alikaa siku mbili, akamjengea choo cha matofali, akarudi na kuku.